Mama kabla hajaitwa mama: namna ya kumuuliza, kumrekodi na kusoma picha zake

#1 Binti Kalamu

Wadau, uzi huu ni wa mabinti wanaotaka kumjua mama alivyokuwa kabla ya kuzaa: yule msichana, yule mfanyakazi, yule rafiki wa watu ambao majina yao hayatajwi tena nyumbani. Naweka ninachokijua kuhusu maswali. Wenye ujuzi wa sauti, picha na nyaraka waongezee.

Nianze na kosa linaloharibu mapema kuliko yote. Binti anakaa mbele ya mama na kuuliza, "Mama, ulikuwaje kabla hujanizaa?" Swali hilo linambana mama pande mbili. Linamtaka akusanye miaka ishirini au thelathini katika jibu moja, na hakuna anayeyahifadhi maisha yake hivyo. Tena linamweka binti katikati ya miaka ambayo hakuwepo, kwa hiyo mama anajibu kama mama: anachuja, anachagua linalomfaa mwanawe kusikia, anamalizia kwa nasaha. Utaambiwa "maisha yalikuwa magumu lakini tulivumilia," basi, mlango umefungwa.

Achana na vipindi, uliza mahali na vitu. Mpe karatasi tupu na penseli, mwombe achore chumba alichokuwa analala akiwa na miaka 16. Achore mwenyewe, usimsaidie. Mlango uko wapi? Kitanda kilielekea wapi? Nani alilala upande wa ukutani? Mwanga wa asubuhi uliingilia wapi? Nguo zilitundikwa wapi, na kitu ambacho hakutaka kionekane alikificha wapi? Akifika kwenye mlango atakumbuka waliokuwa wakiingia. Akifika kwenye dirisha atakumbuka sauti za nje. Mchoro mmoja wa dakika kumi una maswali ya kutosha saa nzima, na hakuna hata moja linalomtaka ajieleze alikuwa mtu wa namna gani. Hilo utaliona mwenyewe.

Kuhusu umri wa kuulizia: watafiti wa kumbukumbu wamekuwa wakionyesha tangu miaka ya 1980 kwamba mtu aliyevuka miaka 40, ukiacha mambo ya juzijuzi, kumbukumbu zake hurundikana zaidi kwenye umri wa miaka 10 hadi 30 hivi. Kwa akina mama wengi huo ndio wakati tunaoutafuta. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi kwamba amesahau. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kumuuliza vizuri.

Kitu cha pili ni kalenda ya maisha. Piga mistari kwenye karatasi kubwa. Safu za wima ni miaka, kila mwaka safu yake, tangu alipofikisha miaka 10 mpaka mtoto wa kwanza alipozaliwa. Mistari ya mlalo minne inatosha: alikoishi, masomo, kazi, na watu waliokuwa karibu naye. Anza na mstari wa makazi, maana nyumba ndizo zinazokumbukwa kwa urahisi. Akitaja mwaka unaoonekana hauendani na mengine, usibishane naye. Muulize, "Wakati huo ulikuwa unatokea nyumba gani kwenda kazini?" Nyumba ikishajulikana, mwaka unajiweka wenyewe. Safu ikibaki tupu miaka miwili au mitatu, iache hivyo hivyo. Pengo nalo ni habari, na huenda akalirudia siku nyingine bila kuulizwa.

Muda: dakika 40 hadi 60, kisha simama hata kama mazungumzo yamenoga. Shirika la StoryCorps la Marekani, lililoanza mwaka 2003 kurekodi mazungumzo ya watu wa kawaida, lilijijenga juu ya vikao vya dakika 40, na kipimo hicho kina maana. Baada ya saa moja majibu yanakuwa mafupi na yanaanza kufanana. Vikao vinne vya dakika 45 vilivyopishana wiki moja moja vina faida kuliko siku nzima moja, kwa sababu kati ya kikao na kikao anaendelea kukumbuka.

Na mkae wawili tu. Baba akiwepo, hata kama ni mpole namna gani, atasahihisha tarehe, na mama atasimulia toleo ambalo wote wawili wanalijua.


#2 Sikio Pana

Umenena vyema, Binti Kalamu. Niongeze upande wa maneno yenyewe, kwa sababu swali linaweza kupanda kumbukumbu ambayo haikuwepo.

Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu filamu fupi ya ajali ya magari, kisha wakawauliza magari yalikuwa na mwendo gani. Kundi moja liliulizwa kuhusu magari "yalipogongana", jingine kuhusu magari "yalipopondana". Baada ya wiki moja wote wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Kwenye filamu hakukuwa na kioo hata kimoja kilichovunjika. Katika watu 50 wa "kugongana", 7 walisema waliviona. Katika watu 50 wa "kupondana", walikuwa 16. Kilichobadilishwa ni kitenzi kimoja tu.

Sasa chukua swali hili: "Uliumia sana ulipoacha shule?" Umeshamwambia mambo mawili kabla hajafungua kinywa, kwamba aliiacha yeye mwenyewe na kwamba aliumia. Pengine aliachishwa. Pengine alifurahi. Uliza: "Shule iliishaje?" Kiima ni shule, yeye yuko huru kuingia popote.

"Kwa nini" nayo itumie kwa uangalifu. Kwa mzazi, kuulizwa kwa nini na mwanawe kunakaribia sana kudaiwa maelezo. "Kwa nini hukuendelea na ile kazi?" inamfanya ajitetee. "Siku ya mwisho kazini ilikuwaje?" inamfanya asimulie, na sababu itatoka humo humo ndani.

Swali la kufuatilia linalonifaa kuliko yote halina maarifa makubwa: rudia neno lake la mwisho. Akisema, "Tulikuwa tunakwenda na yule rafiki yangu mpaka mtoni," wewe sema, "Mtoni..." halafu nyamaza. Hesabu moyoni mpaka kumi kabla hujasema chochote. Watu wengi hukatiza kwenye tatu au nne, na sentensi nzito huja baada ya hapo.


#3 Nyota ya Saba

Asanteni sana. Swali: mama akisema "mimi sikuwa na lolote la maana," mara tatu mfululizo, binti afanyeje? Aendelee au aache?


#4 Binti Kalamu

Dada Nyota, hapo kuna majibu mawili yanayofanana kwa nje.

La kwanza si kukataa. Amejipima na watu wanaosimuliwa vitabuni na kujiona hana uzito. Huyo usimsihi wala usimsifu, badilisha mlango. Kaeni bega kwa bega badala ya kutazamana, mikono ikiwa na kazi: kukunja nguo, kupanga picha, kuchambua makaratasi. Macho yakiwa kwenye kazi, ulimi hulegea. Anza na watu wengine: "Rafiki yako wa wakati ule alikuwa mtu wa namna gani? Alikuwa anacheka na nini?" Akimwelezea rafiki dakika tano, atakuwa amejitaja yeye mara kadhaa bila kujua. Au uliza mshahara wa kwanza: alilipwa mkononi au kwenye bahasha, nani alikuwa wa kwanza kuambiwa, alinunua nini, kile kitu kiliishia wapi. Pesa ya kwanza ya mtu ina mambo mengi sana ndani yake. Ina uhuru, ina wajibu kwa ndugu, ina tamaa, na hayo yote anayaeleza akidhani anaeleza bei.

La pili ni kukataa kweli, na dalili zake husikika. Anaacha kusema "mimi" na kuanza kusema "mtu" au "watu": "Unajua mtu akiwa peke yake mjini..." Anaruka miaka. Anabadilisha mada mara mbili mahali pale pale. Mara ya kwanza pita kimya. Mara ya pili uliza kwa upole, "Mama, hili tuliache?" Akisema tuliache, limekwisha, na usiende kuliuliza kwa mama mdogo mgongoni mwake. Atajua, na vikao vyote vilivyobaki vitakuwa vya kujilinda.


#5 Fundi Sauti

Naingia kwenye kurekodi.

Simu ya kawaida inatosha, kinachoharibu ni mahali ilipowekwa. Ukiilaza juu ya meza tupu itanasa kila kikombe kinachotuliwa na kila kidole kinachogonga. Iweke juu ya kitambaa kilichokunjwa, sentimita 30 hadi 40 kutoka kinywani kwake, upande wake, si katikati yenu. Sauti yako hata ikiwa ya mbali hakuna hasara. Ukiwa na maiki ndogo ya kubana kwenye nguo, ibane sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu, mbali na mkufu na mtandio. Weka simu kwenye hali ya ndegeni, la sivyo simu ikiingia itakata rekodi pale pale.

Chumba chenye pazia, zulia au kitanda ni kizuri kuliko sebule yenye sakafu ngumu. Zima feni na friji (weka funguo zako juu ya friji usisahau kuiwasha). Ule mngurumo sikio lako limeshauzoea, lakini kwenye rekodi unakaa juu ya kila neno.

Chagua WAV (aina ya faili la sauti lisilobanwa), kilohezi 48, biti 24. Kwa chaneli moja utatumia megabaiti 8.6 hivi kwa dakika, yaani kama 520 kwa saa, basi hakikisha nafasi ipo kabla ya kuanza. Kama programu inaonyesha kiwango cha sauti, vilele vicheze kati ya desibeli -12 na -6. Ikigusa sifuri sauti imekatika, na hakuna ufundi wa kuirudisha. Rekodi ndogo lakini safi inaweza kupandishwa baadaye.

Mwanzoni taja tarehe, mahali, jina lako na jina lake kamili. Kabla hamjaanza, rekodi nusu dakika ya ukimya wa chumba. Anayesafisha sauti baadaye huutumia kuondoa kelele.

Siku hiyo hiyo toa nakala: tatu kwa jumla, kwenye vifaa vya aina mbili tofauti, moja ikae nyumba nyingine. Usitegemee rekodi uliyotumiana kwenye programu za ujumbe, nyingi hubana faili, na tarehe ya asili hupotea.

Kuandika maneno kutoka kwenye sauti kunachukua saa nne hadi nane kwa kila saa moja ya mazungumzo. Ukikosa muda huo, fanya orodha ya dakika: "12:40, bweni, rafiki aliyeshona." Orodha ya ukurasa mmoja itakuokoa kusikiliza faili lote kila unapotafuta jambo moja.


#6 Karani Mstaafu

Natofautiana kidogo na Fundi. Si kila mama awekewe kinasa sauti siku ya kwanza. Wapo wanaobadilika sauti kabisa wakiona simu imewashwa, wanaanza kuongea kama wanatoa hotuba. Kikao cha kwanza tumia daftari, andika majina ya watu, mahali na maneno ya pekee tu, halafu ndani ya saa moja baada ya kuachana kaa ujaze sentensi. Ukingoja kesho utaandika maneno yako ukidhani ni yake.


#7 Fundi Sauti

Hapo sipingi, mkuu. Jambo moja tu nalikataa katakata: kurekodi kwa siri. Ukishindwa kumwomba, shika daftari.


#8 Sanduku la Picha

Nimesubiri mfike kwenye vitu, kwa sababu picha hujibu maswali ambayo hata mama hayakumbuki.

Kwanza, usianze kwa kutazama uso wake. Geuza picha. Nyuma kuna muhuri wa studio, namba ya penseli, chapa ya karatasi, mwandiko wa mtu. Ule mwandiko ni wa nani? Kama si wake, picha hiyo aliwahi kupewa mtu, kisha ikarudi. Hilo peke yake ni swali.

Kisha umbo na karatasi. Kingo nyeupe zilizokatwa kwa mawimbi zilikuwa za kawaida kwenye picha nyeusi na nyeupe kati ya miaka ya 1930 na 1960. Picha ndogo ya rangi yenye pande nne sawa inaelekea ilitoka kwenye kamera za kaseti za Instamatic, ambazo Kodak ilizitoa mwaka 1963. Karatasi yenye utando wa plastiki, ile isiyojikunja na yenye mgongo laini, ilianza kuenea mwishoni mwa miaka ya 1960. Picha ya papo kwa papo yenye ukingo mweupe mnene chini ni ya aina iliyoanza na kamera ya Polaroid SX-70 ya mwaka 1972. Kumbuka kwamba haya yanakupa mwaka ambao picha haiwezi kuutangulia, hayakupi mwaka wa kupigwa. Kamera ya 1963 ilitumika nyumbani miaka mingi baadaye, na picha ya zamani inaweza kusafishwa upya kwenye karatasi mpya.

Tarehe zilizochapwa nazo zinadanganya. Mwezi na mwaka uliochapwa kwenye ukingo mweupe ni wa kusafishwa, na mkanda wa filamu ungeweza kukaa kwenye kamera miezi mingi. Zile namba za rangi ya chungwa kwenye kona, zilizoenea miaka ya 1980 na 1990, zilitoka kwenye saa ya kamera, na betri ikibadilishwa bila saa kupangwa upya, mwaka wote unakuwa wa uongo.

Hazina kubwa ni negativu, yale mapande ya filamu ambayo picha zilisafishwa kutoka kwayo. Watu huzitupa na kubakiza picha, wakati negativu ndizo zenye mpangilio. Kwenye ukingo wa filamu ya milimita 35 kuna namba za fremu, kwa kawaida mpaka 24 au 36. Zipange kwa namba na utaona siku nzima inavyokwenda: nani alikuwa upande gani wa kamera, picha ipi ilirudiwa mara tatu, ipi haikusafishwa kamwe. Uliza kuhusu ile ambayo haikusafishwa. Muulize pia: aliyeshika kamera alikuwa nani? Hayumo kwenye picha hata moja, lakini mama alikuwa anamtazama yeye.

Kuskani: picha za karatasi nukta 600 kwa inchi, negativu za milimita 35 kati ya 2400 na 4000. Hifadhi TIFF (faili kubwa la picha lisilobanwa) kama nakala mama, yaani ya kutunzwa, toa JPEG (faili dogo) za kugawa. Skani na nyuma pia, uzipe namba moja: 014a mbele, 014b nyuma. Usirekebishe rangi kwenye nakala mama.

Usiandike nyuma kwa kalamu ya wino. Mkandamizo hutokeza mbele kama kovu, na wino huhamia kwenye picha inayofuata. Kwenye karatasi ya zamani penseli laini inafaa, ukiandika taratibu karibu na ukingo juu ya sehemu ngumu. Kwenye karatasi ya plastiki penseli haishiki, andika kwenye bahasha.


#9 Swali Moja

Mkuu Sanduku, zile albamu zenye kurasa za gundi na plastiki juu yake? Picha zimeng'ang'ania, nyingine zimeanza kuwa njano.


#10 Sanduku la Picha

Hizo ni adui. Gundi yenyewe ndiyo inayotia unjano, na zikikaa zaidi zitang'ang'ania zaidi. Kabla ya kugusa chochote, piga picha kila ukurasa ulivyo, kwa sababu mpangilio ni wa mama: nani alimweka karibu na nani, wapi ameacha nafasi, wapi kuna alama ya gundi na picha imeondolewa. Kisha fungua plastiki polepole, pitisha uzi wa kusafishia meno usio na nta chini ya kona moja, usogeze kama msumeno mpaka utoke upande wa pili. Ukisikia ugumu, acha na ujaribu kona nyingine. Usitumie maji, na usivute picha ikajikunja, ile tabaka ya juu hupasuka na ufa haurudi. Isiyotoka, kata ukurasa kuizunguka uihifadhi hivyo hivyo. Iliyoganda kwenye kioo cha fremu usiibandue kabisa, iskani juu ya kioo.

Kuhifadhi: bahasha za karatasi isiyo na asidi, au mifuko ya poliesta au polipropilini. Epuka PVC, ile plastiki laini yenye harufu kali. Mahali pakavu pasipo joto, si darini, si chini ya kitanda kinachoguswa na maji ya deki.


#11 Fundi Sauti

Wakati mko kwenye sanduku, angalieni kama kuna kaseti. Kabla hujaiweka kwenye redio, vunja vile vibati viwili vya plastiki vilivyo kwenye ukingo wa nyuma, ili mtu asibonyeze kitufe akarekodi juu ya sauti yake ya miaka 19. Tazama kile kipande cha sponji au sufi katikati, upande utepe unakopita. Kikiwa kimedondoka sauti itakuwa hafifu na yenye ukungu, na watu hudhani utepe umekufa. Mpelekee fundi auhamishie utepe kwenye gamba jingine. Zilizoandikwa dakika 120 zina utepe mwembamba mno, zinamezwa na mashine kwa urahisi, kwa hiyo usizirudishe nyuma mara kwa mara. Safisha kichwa cha mashine kwa spiriti, kiache kikauke, ndipo ucheze, na rekodi kwenye kompyuta mara hiyo hiyo ya kwanza. Huenda isije ikacheza tena.


#12 Mlezi wa Wazee

Mmesahau akina mama ambao kumbukumbu imeanza kuwatoka. Wengi huacha kuuliza wakidhani wamechelewa, na mara nyingi bado.

Katika ugonjwa wa Alzheimer, hipokampasi, sehemu ya ubongo inayosaidia kuweka kumbukumbu mpya, huathirika mapema. Ndiyo maana mama anaweza asijue alikula nini asubuhi na bado akakutajia aliyekaa naye dawati moja. Usianze na "unakumbuka?" Hilo ni mtihani, na akishindwa atajifunga. Weka kitu mkononi mwake, kitambaa, kitana, picha kubwa isiyo na watu wengi, useme sentensi moja: "Gauni hili limeshonwa vizuri." Ngoja. Chagua saa ambayo kwa kawaida huwa na utulivu, kwa wengi asubuhi. Dakika 15 hadi 20 zinatosha. Muziki uliovuma alipokuwa kati ya miaka 15 na 25 hufungua mengi, lakini ucheze kwanza, uuzime, ndipo uongee. Sauti mbili kwa pamoja zinamchanganya.

Akikuita kwa jina la dada yake, usimsahihishe. Muulize habari za dada huyo. Kwa kweli mahali hapo binti anaweza kusikia mazungumzo ambayo asingepata kwa njia nyingine yoyote, kwa sababu kwa dakika chache mama haongei na mtoto wake. Ila yale anayoyasema katika hali hiyo yaandike kama maneno yake ya siku hiyo, usiyapeleke kwenye kalenda kama tarehe zilizothibitika. Na kama ni jambo ambalo angeficha akiwa mzima, lifiche wewe.


#13 Karani Mstaafu

Na mama akiwa ameshafariki, nyaraka na mashahidi.

Panga kila karatasi kwa tarehe iliyotolewa, si kwa aina. Cheti cha shule, barua ya ajira, hati ya malipo, kadi ya kliniki, kitabu cha benki, hati ya kusafiria, risiti ya cherehani. Soma yale ambayo watu hupita: anwani, jina la mdhamini, saini. Anwani tatu katika miezi kumi na nne ni hadithi. Saini nayo hubadilika. Angalia ni lini alianza kuandika jina lingine, na je, kuna karatasi ambazo aliendelea kusaini lile la zamani? Kurasa za mihuri za hati ya kusafiria zisome kwa tarehe za kuingia na kutoka, maana mihuri haifuati mpangilio wa kurasa.

Mashahidi watafute kwa utaratibu huu: kwanza waliosoma au kufanya kazi naye, kisha majirani, ndugu mwisho. Ndugu wana toleo la familia. Rafiki wa kazini anamjua mtu ambaye familia haikumwona. Waulize kila mmoja peke yake kabla hawajapigiana simu, swali lile lile kwa maneno yale yale, na andika nani alisema nini. Wakitofautiana, weka yote mawili. Ukichagua moja leo, kesho hutakumbuka kulikuwa na la pili.


#14 Nyota ya Saba

Na mtu akikuta jambo zito? Mtoto mwingine, ndoa ya kwanza?


#15 Sikio Pana

Kwanza uhakika. Watu hukimbilia vipimo vya vinasaba kisha wanasoma matokeo vibaya. Ndugu wa mzazi mmoja hushirikiana vinasaba kwa wastani wa asilimia 25, lakini kiwango hicho hicho ni cha shangazi au mjomba, na cha bibi au babu na mjukuu. Namba peke yake haikuambii ni yupi kati ya hao. Umri na nyaraka ndivyo vinavyoamua, na mara nyingi havitoshi.

Pili, kama mama yu hai, jambo hilo ni lake kabla halijawa lako. Usimwekee karatasi mezani kama polisi. Mwambie ulichokiona, mkiwa wawili, na umwambie wazi kwamba humdai jibu lolote. Halafu ondoka chumbani kwa sababu yoyote ndogo. Mpe nafasi ya kukaa nalo bila kutazamwa.


#16 Binti Kalamu

Nalikazia la ruhusa, kwani wengi huiomba mwanzoni na hapo haina maana. Kabla ya kuongea hajui atasema nini, anaruhusu kitu asichokijua. Iombe mwisho wa kila kikao, kinasa sauti kikiwa bado kimewashwa: haya ya leo ni yako na yangu tu, au ya ndugu zangu pia, au ya yeyote? Akigawanya, kwamba habari ya kazini ni ya wote lakini ya yule kijana ni yako, andika dakika zake na utoe nakala mbili.

Baada ya vikao vyote msomee ulichoandika, kwa sauti. Usimwachie karatasi asome mwenyewe, ataanza kusahihisha sarufi. Akibadilisha jambo, usifute la kwanza. Andika pembeni la pili na tarehe aliyolibadilisha.

Na ndugu Sanduku, ongezea hili kwenye bahasha zako, maana nimeona skani nyingi zimeandikwa "Mama, miaka 20" na wajukuu watashindwa kujua ni mama wa nani. Aandikwe kwa jina alilokuwa akiitwa siku ile picha inapigwa, la utani likiwepo, halafu jina la ukoo alilolitumia wakati huo. Muulize yeye lipi. Usikisie.


#17 Sanduku la Picha

Sahihi kabisa. Mpangilio wangu: namba, jina lake la wakati ule, mahali, mwaka au makisio yakiwa na alama ya "takriban", waliomo kutoka kushoto kwenda kulia, aliyepiga. Jina la utani ndani ya alama za kunukuu. Ukijaza sehemu ya aliyepiga kwa picha kumi tu, utashangaa ni majina mangapi mapya yameingia kwenye mstari wa nne wa ile kalenda yako.